Mwongozo kamili: kuanzisha bayoekonomi ya mzunguko mtaani, kuanzia ndoo ya jikoni mpaka sheria ndogo ya halmashauri

Tukisema bayoekonomi ya mzunguko tunaongelea hivi: kitu chochote kilichoota, kilichofugwa au kilichovuliwa kitumike mpaka mwisho wake, na mabaki yake yarudi kazini yawe chakula cha mifugo, gesi, mbolea au malighafi ya kiwanda, yasiende kuozea dampo. Ni uwanja mkubwa, humo ndani kuna watu wa mbao, wa nguo, wa dawa, wa plastiki za mimea, ila hapa nashika upande mmoja tu, taka za kuoza za majumbani na sokoni, maana huko ndo mwananchi wa kawaida anagusa kwa mkono wake mwenyewe na halmashauri ina mamlaka ya kufanya kitu kikaonekana.

Na si kitu kidogo. Benki ya Dunia kwenye ripoti yake ya 2018 ilionyesha kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza, na hata kwenye nchi tajiri ni karibu theluthi. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, nao walikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, sio hotelini wala supamaketi kama wengi tunavyopenda kuamini. Kikifukiwa dampo bila hewa kinatoa methani, gesi ambayo ndani ya miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi, na ukipima kwa miaka 20 ni kama mara 80.

Sasa kwa maoni yangu miradi hii inakufa kwa sababu mbili kuliko zote: kinachoingia kimejaa plastiki na chupa, na kinachotoka hakina mnunuzi. Basi. Mashine, vipeperushi, uzinduzi wenye mahema na tisheti, hayo yote yanafuata nyuma. La kwanza wanalitatua wananchi, la pili mara nyingi linahitaji sera, ndo maana hivi viwili lazima viende pamoja na ndo maana nimeupanga mwongozo hivi.

Hatua ya 1: Pima mnachotupa

Kabla hujaenda kwa mtu yeyote mwenye cheo, pima. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wana utaratibu wa kupima taka za mji mzima unaotumia kaya 90, 30 kwa kila kiwango cha kipato, taka zinakusanywa siku 8 mfululizo na za siku ya kwanza hazihesabiwi kwa sababu hujui zilikuwa zimekaa ndani siku ngapi. Kwa mtaa mmoja kaya 30 hivi zinakupa picha ya kuanzia, ila hiyo ya kuacha siku ya kwanza ishike, na zile siku 7 zilizobaki usizipunguze maana jiko la Jumapili sio jiko la Jumanne.

Vifaa ni mzani wa kuning'iniza, turubai, glavu nene, buti, na daftari. Mwaga, chambua, pima kila fungu peke yake: mabaki ya jikoni, majani na matawi ya bustani, karatasi na maboksi, plastiki, vioo na vyuma, nepi na pedi, halafu mengineyo. Nepi zipe fungu lake kabisa, mtu akiziweka kwenye mengineyo baadaye hutajua kwa nini ndoo za nyumba zenye watoto wachanga zinachafuka kuliko nyingine. Soko pima siku tofauti, na utashangaa, taka za soko mara nyingi ni safi kuliko za nyumbani kwa sababu muuza mboga anatupa aina moja au mbili tu siku nzima. Mimi ningeanzia sokoni kila mara, tani nyingi mahali pamoja, watu wachache wa kuwaelewesha.

Hatua ya 2: Mtafute mtumiaji kabla ya kununua ndoo hata moja

Wengi wanaiacha hii mpaka mwisho, wanajikuta na rundo la mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, limeota magugu. Nenda kwa wenye vitalu vya miche, wakulima wa bustani, wafugaji wa kuku na samaki, na idara ya halmashauri inayopanda miti barabarani. Waulize wanataka kiasi gani, mwezi gani, imechekechwa au la, iko kwenye mifuko au kwenye gari, na mbolea wanayotumia sasa wanaipata kwa bei gani. Hilo la mwezi ni la maana sana maana taka zinakuja kila siku ila mboji inahitajika karibu na msimu wa kupanda, kwa hiyo eneo la kuhifadhia lazima liwe kwenye mpango tangu mwanzo, lenye paa, la sivyo mvua inaosha virutubisho vyote. Na kumbuka rundo linasinyaa, ukiingiza tani moja ya taka unategemea kupata chini ya nusu yake ikiwa mboji, usije ukamwahidi mtu tani kwa tani.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kuchakata, kwa mpangilio

Mpangilio wenyewe: chakula kinacholika kiende kwa watu kwanza, kisichofaa watu kiende kwa mifugo pale sheria inaporuhusu, halafu ndo gesi na mbolea, dampo mwisho kabisa. Ufaransa mwaka 2016 ilipitisha sheria ya kuzuia supamaketi kubwa kuharibu chakula kinacholika na kuzitaka ziwe na makubaliano na mashirika ya kugawa misaada. Upande wa mifugo nenda taratibu. Uingereza ilipiga marufuku kulisha nguruwe mabaki ya jikoni mwaka 2001 baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo, na hofu ya homa ya nguruwe ipo kila mahali, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo kabla hujaanza kugawa makombo.

Mboji ndo njia ya bei nafuu na inasamehe makosa mengi. Unataka kaboni kama 25 mpaka 30 kwa nitrojeni 1, kwa lugha ya mikono ni mafungu mawili au matatu ya vitu vikavu kama majani makavu, maranda ya mbao na maboksi yaliyochanwa kwa fungu moja la mabaki mabichi ya jikoni. Rundo liwe angalau mita 1 kila upande, dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Chota konzi moja toka katikati ya rundo uibane kwa nguvu: matone machache yakitokea kati ya vidole iko sawa, maji yakichuruzika ongeza vikavu, ikimomonyoka kama vumbi mwagia maji. Joto likifika nyuzi 55 za Selsiasi vimelea na mbegu za magugu vinaanza kufa, na kanuni ya Marekani kwa marundo marefu ya nje ni kukaa juu ya nyuzi 55 kwa siku 15 na kugeuzwa angalau mara 5 ndani ya muda huo. Rundo likinuka kama mayai viza halina hewa, geuza, ongeza matawi. Likinuka amonia, ile harufu kali kama ya mkojo, umezidisha mabichi.

Bayogesi, yaani gesi ya taka zinazooza kwenye mtambo uliofungwa bila hewa, inafaa pale taka ni laini, zina maji mengi, na kuna mtu wa kuitumia gesi kila siku hapo hapo jirani, kama jiko la shule. Gesi inayotoka ni methani asilimia 50 mpaka 70. Mtambo unaanzishwa na kinyesi cha ng'ombe, unalishwa kidogo kidogo, na haupendi kushtuliwa, ukiulundikia maganda ya machungwa siku moja unaweza kukususia wiki nzima ukajaa tindikali. Tope linalobaki ni mbolea nzuri, liwekee mpango mapema maana ni zito na linakuja kila siku.

Halafu kuna funza wa inzi askari mweusi. Hawa wanakula taka haraka, kama wiki mbili wamenenepa, wanakaushwa wanakuwa chakula cha kuku na samaki, na mabaki yao ni mbolea. Biashara nzuri ila ina wivu na usafi: funza wanakusanya metali nzito zenye sumu mwilini, kadimiamu hasa, kwa hiyo taka za asili usiyoijua usiwape.

Kwa kuanza chukua njia moja tu. Anayeanza na zote tatu kwa mpigo kwa kawaida anaandika proposo, haendeshi mradi.

Hatua ya 4: Wananchi, na hapa ndo penye kazi

Watu hawakatai kutenganisha taka kwa sababu ni wavivu au hawajaelimika. Wanakataa kwa sababu waliwahi kutenganisha, halafu wakaona kwa macho yao gari linakuja linachanganya kila kitu kwenye bodi moja. Ukishawafanyia hivyo mara moja imekula kwako, semina kumi hazitarudisha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya ushirikishwaji sio elimu, ni ratiba. Ndoo ya taka oza ichukuliwe siku iliyosemwa, saa iliyosemwa, na chombo tofauti kinachoonekana ni tofauti, rangi nyingine kabisa, na irudishwe imesuuzwa. Gari likiharibika ujumbe uende kwenye grupu la wasap kabla watu hawajaanza kuuliza.

Kanuni ya pili ni kuondoa karaha ya jikoni. Mji wa Milan, Italia, ulipoanza kukusanya mabaki ya jikoni kwa nyumba zote kati ya mwisho wa 2012 na katikati ya 2014, ulienda robo moja ya mji kwa wakati, na kila nyumba ikapewa kandoo kadogo kenye matundu ya hewa pamoja na mifuko inayooza. Matundu ni kitu kidogo lakini ndo siri yenyewe, unyevu unatoka, harufu inapungua, funza hawajai. Kama bajeti ya mifuko hakuna, gazeti au karatasi ya kutandika chini inafanya kazi, na ndoo ikae na mfuniko.

Kuhusu mifuko inayoandikwa inaoza, kuwa mkali. Mingi imeundwa kuoza kwenye mitambo mikubwa yenye joto la karibu nyuzi 58, kwenye rundo lako la uani unaikuta nzima baada ya miezi. Kama mtambo wenu ni rundo la kawaida, sema wazi kwamba mfuko wa aina yoyote hauingii.

Sasa kuwafikia watu. Chagua mabalozi mtaani humo humo, mmoja kwa nyumba 20 au 30 hivi, na usichukue wale tu wanaokaa mbele kwenye kila kikao, chukua mama lishe, fundi, kijana wa bodaboda, mpangaji. Wapangaji wanasahaulika sana, vikao wanaitwa wenye nyumba wakati anayetupa taka ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Balozi anapita nyumba kwa nyumba wiki ya kwanza, anafungua ndoo pamoja na mwenye nyumba, anamwonyesha hiki ndio hiki hapana. Ikikutwa chafu wiki inayofuata haichukuliwi, inabandikwa kikaratasi kinachosema tatizo ni nini, mfano kuna chupa na nepi, na kesho yake balozi anarudi kuongea. Faini isiguswe miezi ya mwanzo, maana faini kabla ya huduma kunyooka inawafundisha watu kutupa usiku mtaroni.

Waokota taka waingizwe tangu siku ya kwanza, na malipo yao yaandikwe. Bogotá, Kolombia, ilianza kuwalipa waokota taka wake kama watoa huduma mwaka 2013, baada ya wao wenyewe kwenda mahakamani na kushinda. Ukiwaacha nje, wanachambua ndoo zako usiku wakitafuta chupa na kumwaga zilizobaki, na huwezi kuwalaumu, umewaondolea riziki bila kuwauliza.

Na kama mnataka wananchi waamue jambo kubwa zaidi, mfano mtambo ukae wapi, msiitishe mkutano wa hadhara mmoja ukamezwa na wenye sauti. Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989 ilianza kuwaachia wakazi wapange sehemu ya bajeti ya mji kwenye vikao vya ngazi kwa ngazi. Ufaransa mwaka 2019 ilichukua watu 150 kwa kura ya bahati nasibu wakajadili sera za tabianchi kwa miezi kadhaa, wakafanya kazi nzuri, halafu mapendekezo mengi yakapunguzwa makali yalipofika serikalini na watu wakakasirika. Kwa hiyo kabla ya kuwakusanya watu, mtoa maamuzi aandike kwa sahihi yake: atajibu kila pendekezo, kwa tarehe gani, na akikataa atatoa sababu. Asipokubali kuandika, bora usiwapotezee watu muda.

Hatua ya 5: Linda ubora

Kila mzigo unaoingia mtu mmoja aukague kwa macho, achukue sampuli ya ndoo moja ndefu, atoe plastiki, vioo na chuma, apime kilo. Andika. Ikipanda mtaa fulani unajua balozi gani wa kumfuata.

Mboji ikiiva ifanyie jaribio la maharage. Changanya nusu mboji nusu udongo kwenye vikopo vitatu, vingine vitatu weka udongo mtupu, panda maharage, subiri wiki mbili tatu. Majani mapya ya vikopo vya mboji yakijikunja kama kikombe au shina likajisokota, kuna mabaki ya dawa ya magugu humo. Dawa za kundi la klopiralidi na aminopiralidi zinapita tumboni mwa ng'ombe na kwenye rundo la mboji bila kufa, na mara nyingi zinaingia kupitia samadi au nyasi za nje. Mkulima mmoja akiunguza nyanya zake kwa mboji yenu habari itafika vijiji vyote kabla ya jioni, hivyo hiki kipimo cha vikopo sita ni cha lazima.

Hatua ya 6: Sera

Usiende kuomba sheria mwanzoni. Nenda ukiwa na miezi sita ya daftari: kilo zilizoingia, asilimia ya uchafu, mboji iliyouzwa, safari za gari la dampo zilizopungua. Hiyo ya mwisho ndo inamshika mweka hazina, maana kila safari isiyokwenda dampo ni mafuta yaliyobaki kwenye tangi la halmashauri. Mazingira mweleze mwishoni, pesa mweleze mwanzoni, ndo watu walivyo.

Halafu angalia tayari kuna nini juu. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inayotaka taka za kuoza zitenganishwe na zisizooza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkakati wake wa bayoekonomi wa 2021/22 mpaka 2031/32. Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi zake zitenganishe taka oza au zizichakate palepale zinapozalishwa ifikapo 31 Desemba 2023. Kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo, hoja yako kwa diwani inageuka, huombi jambo jipya, unamsaidia kutekeleza lililopo tayari.

Rasimu ya sheria ndogo ibebe haya, na ukurasa mmoja na nusu unatosha. Nani anatenganisha, na kwenye mafungu mangapi, mawili yatosha kuanza. Nani anakusanya na kwa ratiba gani, pamoja na adhabu kwa mkusanyaji anayechanganya, hii wanapenda kuisahau, faini wanamwandikia mwananchi peke yake. Lini wazalishaji wakubwa wanaanza, yaani masoko, hoteli, shule, kambi, na lini majumbani, na hawa wawe nyuma kwa mwaka hivi. Kiwango cha ubora cha mboji. Na mwisho kifungu ambacho mimi ningekipigania kuliko vyote: halmashauri inunue.

Kalifonia, Marekani, walielewa hili. Sheria yao ya 2016, ambayo kanuni zake zilianza kufanya kazi Januari 2022, haikuishia kuwaambia watu watenganishe, ilipangia kila mji kununua bidhaa zitokanazo na taka oza, iwe mboji, matandazo au gesi, za kiasi kinacholingana na tani 0.08 za taka kwa kila mkazi kwa mwaka. Miji mingi ililalamika ni ngumu, na kweli ni ngumu, lakini soko linajulikana lipo hata kabla mtu hajajenga mtambo, na benki inaweza kukopesha juu ya hilo. Kwenu kifungu kinaweza kuwa kifupi: miti yote inayopandwa barabarani, bustani na viwanja vya shule vya halmashauri vitumie mboji iliyothibitishwa ya ndani kabla ya kununua mbolea nyingine, pale inapopatikana.

Bei nayo ifanye kazi. Korea Kusini ilizuia mabaki ya chakula kwenda dampo moja kwa moja mwaka 2005, halafu toka 2013 kaya zinalipa kwa kiasi zinachotupa, majengo mengi yana pipa linalosoma kadi na kupima gramu zako, na leo zaidi ya asilimia 90 ya mabaki ya chakula yanachakatwa. Angalia mpangilio wao, huduma na marufuku kwanza, malipo kwa kiasi miaka kadhaa baadaye. Kuiga mashine ya kadi bila ile miaka ya nyuma ni kununua chuma. Pasipo na mashine unaweza kuanza na kitu rahisi, anayetenganisha vizuri ada yake ya taka inashuka, na anayechanganya analipa ada kamili.

Hatua ya 7: Pesa na hesabu mezani

Mauzo ya mboji peke yake mara chache yanalipa mishahara yote, nasema mapema ili mtu asije akaandika bizinesi plani ya ndoto. Vyanzo ni vitatu: ada ya taka, ile pesa ya dampo iliyookolewa ambayo halmashauri ikubali kurudisha sehemu yake kwa mradi kwa mkataba, na mauzo. Msaada wa mfadhili utumike kwa vifaa tu, mishahara ikitegemea mfadhili siku akiondoka ndoo zinabaki kutunzia maji.

Kila mwezi bandika karatasi moja ofisi ya mtaa na kwenye grupu: kilo zilizoingia, asilimia ya uchafu, mboji iliyouzwa, pesa iliyoingia na kutoka, malalamiko yaliyokuja na yaliyojibiwa. Tumia namba zile zile kila mwezi hata zikiwa mbaya. Na kwenye sheria ndogo yenyewe andikeni tarehe ya kuipitia upya, miezi 18 baada ya kuanza inatosha, mabalozi na wakusanyaji wakiwa mezani na daftari lao, kiwango cha faini kiamuliwe siku hiyo.